Asubuhi Pikipiki Ilipokataa Kuamka Butiama

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, nilipokuwa muuguzi kijana kwenye zahanati ndogo ya kanisa upande wa Butiama. Watu wanaoijua Mara kwa kupitia Musoma mjini tu hudhani mkoa mzima ni jua na upepo wa ziwa. Hawajalala Butiama mwezi wa saba. Kule juu baridi ya alfajiri inaingia mpaka kwenye mifupa, ukungu unalalia yale mawe makubwa mpaka saa mbili, na ukiweka mafuta ya kupikia dirishani unayakuta yameganda kwenye chupa. Mimi nimezaliwa Kigera, kando ya ziwa kule Musoma, mtoto wa mvuvi. Baridi ile niliiona kama adui aliyetumwa kwangu peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa na pikipiki.

Wewe umezaliwa ukakuta bodaboda kila kona, wanakuita kabla hujafunga mlango. Wakati ule mwanamke juu ya pikipiki alikuwa habari ya kijiji. Kanisa liliinunua ili nizifikie kaya za mbali, nichanje watoto na niwaone akina mama waliojifungulia nyumbani. Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na starta ya umeme. Pikipiki nyingine zote tulizozijua ziliwashwa kwa kiki, mtu anapanda na kukanyaga kile chuma cha pembeni mpaka jasho linamtoka. Mimi niliweka ufunguo, nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba, ikanguruma. Nakwambia kweli, kidole hicho kilinipa kiburi kuliko cheti changu cha uuguzi.

Pikipiki yangu nayo ilikuwa na kiki yake, pembeni mwa injini. Lakini ilikuwa inanasa gauni langu la kazi, na siku moja ikalichana mbele ya watu wakati natoka kanisani. Basi nilipokwenda Musoma kuwaona wazazi, nikampelekea fundi aifungue. Fundi yule alisitasita, spana mkononi.

"Sista," akaniambia, "hii inakaaga hapo kwa sababu."

"Sababu ya zamani hiyo," nikamjibu. "Siku hizi ni kubonyeza."

Akaifungua. Niliiacha kwa mama yangu Kigera, chini ya kitanda, nikarudi Butiama na gauni langu salama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Niliufahamu msemo huo tangu darasa la tatu, hata mtihani niliufaulu. Kuufahamu ni jambo moja, mwanangu.

Jirani na zahanati kulikuwa na mashine ya kusaga ya Mzee Magesa. Alikuwa mtu mwembamba, mvi zake zimechanganyika na unga kiasi kwamba hukujua kipi ni kipi. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, ya kuzungusha kwa mkono, na kila asubuhi kabla ya kuizungusha alikuwa akiizunguka mara moja polepole, anaigusa hapa na pale kama mtu anayemkagua ng'ombe mgonjwa. Mimi nilikuwa nikimcheka moyoni.

Wiki kama tatu kabla ya asubuhi ninayokusimulia, alinisimamisha njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hiyo pikipiki yako, jana nimeisikia inavyoamka. Inavutavuta. Betri yake umeiangalia maji?"

"Mzee," nikasema, na bado naisikia sauti yangu ile, tamu ya juu juu, "hii si mashine ya kusaga."

Hakukasirika. Alisema tu, "Haya. Kila mashine ina namna yake ya kuamshwa," akaenda zake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona.

Sasa asubuhi yenyewe. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu, kumeshapambazuka lakini jua halijapenya ukungu. Nilikuwa nachemsha maji ya vifaa nikasikia baiskeli inaangushwa nje. Alikuwa Wambura, mkulima wa ng'ambo ya kilima, hana shati, kajifunga blanketi tu. Mkewe Nyangeta alikuwa amejifungua alfajiri ile, mtoto wa kike. Mtoto mzima.

"Ila kondo la nyuma halijatoka, nesi," akasema. "Na damu inatoka. Inatoka tu."

Nilijua maana yake. Mtu yeyote aliyesomea kazi yetu anajua. Nilichukua sindano na dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nikaviweka kwenye kasha la baridi, nikachukua mipira ya mikono, nikakimbilia pikipiki. Kwa pikipiki ilikuwa safari ya dakika ishirini. Kwa baiskeli, na vile vilima, ni karibu saa nzima.

Nikaweka ufunguo. Nikabonyeza.

Tik.

Nikabonyeza tena. Tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Injini haikugeuka hata mara moja.

Hapa ndipo nilipokosea, mwanangu, na ninakuomba usikilize vizuri, maana kosa lenyewe halikuwa kwamba pikipiki iligoma. Chombo chochote hugoma. Kosa ni kwamba nilibonyeza tena. Na tena. Nilibonyeza na kushikilia, meno nimeuma, taa ya mbele inawaka bure kwenye ukungu, na kila nilipoachia kile kitufe nilikiminya kwa nguvu zaidi, kana kwamba pikipiki ilikuwa haisikii vizuri.

Wambura aliniambia, "Nesi, panda baiskeli twende."

"Baiskeli? Hii ikiwaka nitakupita huko njiani. Subiri."

Akasubiri. Alichuchumaa ukutani na blanketi lake. Mzee Magesa akatokea mlangoni mwa mashine yake, akaita, "Binti! Acha kwanza!" Nilimsikia. Sikumtazama. Nilikuwa naona aibu. Yule mzee niliyemjibu vile ndiye sasa anaiona starta yangu ikinikataa, na aibu ile ilinifanya nibonyeze zaidi. Ile tik-tik ikawa tik moja. Kisha ikawa kimya kabisa, na taa ya mbele ikafifia mpaka ikawa kama kiberiti kinachozimika.

Nilipoinua macho, Wambura alikuwa analia bila sauti. Dakika ishirini zilikuwa zimepita, labda na tano juu yake. Muda ule ule ambao ningeutumia kufika.

Mzee Magesa akaja. Alitembea kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Hakunigombeza kwa sauti.

"Binti, ilikuwa inasemaje?"

"Imekataa, mzee."

"Sijauliza imefanyaje. Nimeuliza ilikuwa inasemaje."

"Ilikuwa inagonga. Tik, tik."

"Basi ilikuwa inakwambia ina njaa. Nawe ukawa unampiga mwenye njaa ili anyanyuke." Akanitazama usoni. "Ulikuwa unabonyeza ili iwake, au ili sisi tusikuone umeshindwa?"

Mpaka leo swali lile linanikuta mahali pengine kabisa, jikoni, kanisani, nikiwa nabishana na wanangu. Ninafanya hivi ili jambo liwe, au ili nisionekane nimeshindwa?

"Kiki iko wapi?" akauliza.

"Iko Kigera, mzee."

Alifumba macho kidogo tu. Kisha akafungua kifuniko cha pembeni. Vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, vilikuwa vimeota ukungu mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyolowa. Alimwambia Wambura alete yale maji yangu ya moto na magadi kidogo kutoka jikoni. Akafungua nyaya, akasugua kwa brashi ya waya, akasuuza, akakausha kwa shati lake, akafunga tena na kukaza. Alizima taa ya mbele, akaniambia nibonyeze mara moja tu.

Tik moja, ya mbali.

"Ingeamka na kile kidogo kilichokuwemo kama usingekimaliza," akasema. "Maji ndani yamekauka, baridi imeibana, na wewe umekamua la mwisho. Sasa tutasukuma."

Akina mama wawili walikuwa wanakuja kliniki na watoto mgongoni. Mzee aliwaita bila kuwasalimia, na hilo peke yake liliwaambia kuna hatari. Mtoto mmoja walimlaza juu ya kanga kwenye benchi la zahanati, mwingine wakamkabidhi mke wa mzee aliyekuwa ametoka mashineni, wakashika pikipiki nyuma pamoja na Wambura. Mzee akanielekeza kwa kifupi: ufunguo uwashwe, choki ivutwe kwa sababu injini ni ya baridi, gia ya pili, bana klachi, usiachie mpaka nikwambie.

Tukateremka kile kimteremko cha kuelekea barabarani, mimi juu, wao wanakimbia. "Achia!" Nikaachia, pikipiki ikashtuka, ikakohoa, ikazima. Wakaivuta kurudi juu, mwanangu. Wale akina mama mmoja alikuwa na mimba changa, nilimjua, nilimpima mwenyewe. Aliivuta. Mara ya pili, "Achia!" ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

"Usiizime mpaka urudi!" mzee akanipigia kelele kwenye moshi.

Nikamkuta Nyangeta amelala kwenye mkeka, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Mama mkwe wake alikuwa anamwita jina lake, anamwita tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye bustanini. Nilimchoma sindano, nikasugua tumbo, kondo likatoka, damu ikapungua. Nje pikipiki ilikuwa inanguruma peke yake na kuku wanaikimbia. Nikaizima nikaiacha pale uani, maana tulipata gari la mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka mahindi Musoma, tukamlaza juu ya magunia, nikakaa naye njia nzima nimemshika mkono na mtoto kifuani. Hospitalini wakamwongeza damu. Daktari alinipigapiga begani, akasema, "Umemwahi, sista."

Nikasema asante. Ndivyo nilivyosema. Asante.

Nyangeta alilazwa zaidi ya wiki mbili. Wambura alimwambia kila mtu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mkewe. Mbele yangu hakutaja dakika zile hata mara moja, na sikujua kama alinisamehe au aliniheshimu tu. Watu walinisifu mpaka kanisani. Kila sifa ilikuwa inaniingia kama mwiba wa samaki. Mwisho nikaona siwezi. Mama yangu alipika mchuzi wa samaki, sato, nikauchukua kwenye bakuli, nikaenda hospitali siku ambayo Wambura hakuwepo.

Nikamweleza Nyangeta yote. Kiki niliyoiacha chini ya kitanda. Mzee niliyemdharau. Baiskeli niliyoikataa.

Alinisikiliza huku ananyonyesha. Kisha akauliza, "Dakika ngapi?"

"Ishirini. Labda na tano."

Akamwangalia mtoto muda mrefu. "Nilikuwa mbali, nesi. Namsikia mama anaita, naona ni mbali, naona hata uvivu kumjibu. Na wewe dakika hizo ulikuwa unabonyezabonyeza."

"Ndiyo."

"Sitakwambia si kitu. Ni kitu." Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. "Lakini umekuja. Halafu umekuja tena kuniambia. Watu hawasemagi. Kajifunze hiyo pikipiki kama ulivyojifunza sindano. Halafu nikitoka uje unione. Sasa nipe huo mchuzi, chakula cha hapa hakina chumvi."

Mwanangu, nimesamehewa mara nyingi maishani, wakati mwingine kirahisi mno. Msamaha ule haukuwa rahisi, ndiyo maana umenitosha mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Magesa. Nilipiga magoti, maana nilikuwa na la kuomba radhi kabla ya la kuomba elimu. Akaniinua kwa kiwiko. "Kaa. Usishike kitu. Kwanza sikiliza."

Jumamosi nyingi nilikaa pale. Alinifundisha kwamba starta inapokataa ina lugha yake. Ikigonga haraka haraka, tazama betri na vile vichwa vyake, ama umeme ni mdogo au njia yake imeziba. Ikigonga mara moja kwa nguvu kisha basi, huenda mota yenyewe imekwama. Ikikaa kimya kabisa tangu mwanzo, usikimbilie kufungua vitu. Angalia kwanza kama ile swichi nyekundu ya kuzimia imeguswa, kama umeacha gia ndani, kama fyuzi imekatika. Alicheka siku aliyonieleza hilo, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kufungua pikipiki ya shemeji yake nusu nzima, kumbe swichi ilikuwa imezimwa na mbuzi aliyejikuna.

Na ikiwa mota inazunguka kwa mlio mwepesi lakini injini haigeuki, hiyo si ya kwako, akasema, ipeleke kwa fundi. Alipenda sana kuniambia yapi si ya kwangu.

Kuhusu baridi alinifundisha subira. Oili inakuwa nzito asubuhi kama uji uliolala, na betri inakuwa na nguvu ndogo wakati ule ule inapodaiwa kazi kubwa. Kwa hiyo zima taa, vuta choki, usizungushe mkono wa mafuta, bonyeza sekunde chache kisha iache ipumzike, hata kama moyo wako unakimbia. Ikiwa una kiki, ikanyage mara mbili tatu ufunguo ukiwa umezimwa, injini ilegee, ndipo uombe starta. Kiki niliirudisha, bila shaka. Nilishona suruali pana ya kuvaa chini ya gauni, na kila mwezi nikaangalia maji ya betri, na vichwa vyake nikavipaka grisi.

Pikipiki ile nilikaa nayo miaka tisa. Sitakudanganya kwamba haikugoma tena. Iligoma, tena mara moja kwenye mvua njia ya Suguti. Lakini sikumpiga tena mwenye njaa.

Mzee Magesa ametangulia mbele ya haki. Nashukuru kwamba nilimwambia asante akiwa hai, tena zaidi ya mara moja, mpaka akawa ananikatiza, "Binti, imetosha, nina mahindi ya watu." Wale akina mama wawili niliwatafuta pia, nikawashukuru mmoja mmoja nyumbani kwao. Yule mwenye mimba alijifungua salama mikononi mwangu. Nyangeta yuko Bunda sasa, ana kibanda chake cha vitambaa sokoni, na tunapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Binti yake alipoolewa, walinikalisha kwenye safu ya akina mama wazaa chema, wazazi wa bibi harusi, na Nyangeta akanishika mkono mbele ya ukoo wote wala hakueleza kwa nini. Nililia mpaka nikaharibu kilemba.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na chukua utakachoweza kukibeba. Jambo likikukatalia, nyamaza kwanza ulisikilize, maana kukirudia kwa nguvu kile kile kilichoshindikana si juhudi, ni kiburi kilichovaa nguo za kazi. Anayekuonya kwa upole usimpime kwa kazi yake wala kwa nguo zake. Kuuliza si ujinga, na asiyesikia la mkuu, wakati mwingine guu linalovunjika si lake, ni la mwenzake asiye na hatia. Aibu ikisimama kati yako na msaada, ipite. Baiskeli ikiwa ndiyo iliyopo, panda baiskeli. Na ukimkosea mtu bila yeye kujua, nenda ukamwambie mwenyewe, usingoje Mungu amwambie kwa niaba yako. Waliokusukuma ulipokwama, warudie uwashukuru wangali wanasikia.

Mungu wa baba zetu akupe mikono yenye maarifa na masikio yasiyochoka. Akuwekee watu wakweli njiani, nawe akufanye mkweli kwao. Safari zako ziwe za kuwahi, na wale wanaokungoja akukutanishe nao wakiwa hai. Nenda, mwanangu. Ubarikiwe utokapo na uingiapo.